Pafu la Umeme kwenye Gari la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza. Zimenikuta chini ya lori la matofali, nimelala chali juu ya boksi, na maji yakanifuata humo humo. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa, nikamkuta Baba amekaa mezani na kifurushi mbele yake. Hajakifungua. Ananisubiri mimi.

"Nawa mikono kwanza," akaniambia. Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, anamwambia fundi magari anawe mikono!

Boksi lina picha ya duma anayekimbia. Ndani mna kidude cha plastiki nyeusi, duara, ukubwa wa kopo la rangi lililokatwa katikati. Kina mapanga ya feni, nyaya mbili, na filta ndogo nyekundu ya hewa.

"Unajua hiki ni nini?"

"Feni."

"Feni!" Akanitazama kana kwamba nimemtukania mtoto. "Hii ni supachaja ya umeme. Inaisukumia injini hewa. Hewa nyingi, moto mwingi, nguvu nyingi. Ni pafu, mama. Pafu la pili."

"Nani kasema?"

"Muuzaji. Kaandika kila kitu kwenye simu, na watu wamemshukuru chini yake."

Nikamuuliza anataka kuifunga kwenye gari gani. Akakunja karatasi ya kifurushi taratibu, kona kwa kona.

"La mama yako."

Nikaacha kujikausha mikono. Tangu Mama afariki, na huu ni mwaka wa tatu, hakuna mkono uliofungua boneti ya gari lile. Kigari cheupe, kidogo, kizee. Baba analiosha mwenyewe, analiendesha Jumapili tu, na likikohoa nikamwambia alilete gereji, jibu ni moja: liache lilivyo. Leo anataka kulifungua ili alitie feni.

Nimeosha vyombo nikalala.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Gereji yetu nusu ina bati, nusu ina mbingu. Uwanja ule nagawana na Fundi Umeme: mimi injini, yeye nyaya. Nikamtupia swali kama la mjadala tu: kifeni cha umeme kikifungwa kwenye njia ya hewa, gari linapata nguvu?

Alicheka mpaka akaweka chini waya aliokuwa anaulehemu.

"Supachaja ya kweli inazungushwa na injini yenyewe, kwa mkanda, na inakula nguvu ya farasi kadhaa ili irudishe zaidi. Hicho kifeni chako kinakula umeme wa taa mbili za mbele. Mashine ya kukaushia nywele inakishinda."

"Si changu."

"Basi ni cha Mzee." Akauokota waya wake. "Mwache akifunge. Ukimwambia sasa utakuwa umemnyang'anya. Akishakifunga, kitajisema chenyewe."

Jumamosi, 9 Machi

Baba amekifunga. Mimi nilishika mwavuli.

Bawaba za boneti zililia. Baba akasimama na boneti mkononi, hatii fimbo ya kuishikilia, anatazama tu ndani. Kando ya betri kulikuwa na kitambaa cha njano, kile Mama alichokuwa akifutia vioo. Baba akakichukua, akakikung'uta, akakitia mfuko wa shati.

"Niache mimi nifanye," nikasema. "Dakika tu."

"Fundi, shika mwavuli."

Niliwahi kuandika hapa kwamba nikiitwa "mama" Baba ana furaha, na nikiitwa "Fundi" nimevuka mpaka? Basi ndiyo hivyo.

Akang'oa filta ya zamani pamoja na kasha lake, akavitupa kwenye kona ya uwanja. Akachomeka kidude, juu yake filta nyekundu. Waya akaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Nikamwambia waya wa namna hiyo lazima uwe na fyuzi, ukigusana na bodi utaungua. Akasema ataiweka kesho. Akabonyeza swichi aliyoitundika chini ya usukani, na kidude kikalia wiiii, kama mbu aliyeingia sikioni.

Uso wa Baba! Sijauona hivyo siku nyingi.

Jumapili, 10 Machi

Amerudi jioni anapiga mluzi. Anasema gari limepanda mlima kama linasukumwa na watu. Mlima upi? Ule wa kwenda kwa fundi masweta, yule mama mwenye cherehani ya kufuma kule kileleni. Anafumiwa sweta.

"Kule juu ndiko kwenye baridi, Baba. Wewe unakaa huku bondeni."

"Hujui mvua za mwaka huu, mama."

Jumanne, 12 Machi

Nimeliendesha mwenyewe mpaka sokoni. Kweli limechangamka. Imeniudhi.

Jumatano, 13 Machi

Nimeipata sababu. Nilikwenda kwenye kona ya uwanja nikaliokota kasha la filta ya zamani. Nikalifungua. Filta nyeusi tititi, imeshiba vumbi, na juu yake panya alikuwa ametandika: vipande vya gazeti, nyuzi, pamba ya kiti. Gari la Mama lilikuwa linavuta pumzi kupitia godoro la panya! Ungelivua lile kasha ukalitia filta yoyote mpya, bila feni, bila duma, lingechangamka vilevile.

Nimeiweka filta kwenye mfuko wa nailoni, chini ya meza yangu ya kazi. Sijamwambia. Asubuhi alikuwa anaimba akinyoa ndevu.

Jumapili, 17 Machi

Sweta limekuja. Rangi ya kahawia, kazi safi sana, ila mikono imeishia juu ya vifundo. Baba anasema halina budi kurudishwa.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Klachi mbili, zote za watu wenye haraka.

Jumapili, 24 Machi

Baba alipiga kiatu rangi mpaka nikajiona humo. Amekwenda kurekebishiwa mikono. Amerudi: mikono sawa, sasa shingo inambana. Litarudi tena.

"Huyo fundi wako hajui kupima?"

"Anajua sana," akasema haraka mno. "Ni mwili wangu ndio unabadilika."

Jumatano, 27 Machi

Mimi kwenye injini nina sikio. Gari likipita barabarani naweza kukwambia valvu gani inagonga. Kwenye mambo mengine ni mzito kama nanga. Ilibidi Fundi Umeme, huku anafunga taa ya pikipiki, aseme: "Mzee ana bahati na masweta mwaka huu," kisha acheke peke yake, ndipo nikaelewa.

Nilikaa kwenye tairi. Nikahesabu Jumapili. Viatu, ndevu, mluzi. Na mimi nilidhani ni feni.

Sikukasirika kwamba kuna mwanamke. Nimejiuliza kwa ukweli na naandika kwa ukweli: si hilo. Kilichonichoma ni gari. Kwa nini lile? Anaweza kuomba pikapu ya gereji, anaweza kupanda basi. Anakwenda kwa mwanamke mwingine na gari la Mama, kiti cha Mama kando yake, na analitafutia nguvu lifike upesi.

Jumapili, 31 Machi

Leo kulikucha bila mvua, barabara kavu. Nikamwambia Baba, tukapime.

"Tupime nini?"

"Pafu lako. Mlima uleule, gia ileile, sisi wawili ndani. Tunapanda feni ikiwa imewashwa, halafu tunapanda feni ikiwa imetolewa kabisa, filta ikibaki. Simu inashika muda. Ukishinda, nitaifunga kwenye pikapu yangu."

Baba ni mtu wa haki. Miaka yote ile ya malori hakuwahi kudanganya uzito. Akakubali, akaendesha mwenyewe ili nisije nikasingiziwa kwamba nimekanyaga kidogo.

Tulipanda mara kadhaa. Feni ikilia, gari lilifika kwenye nguzo ya juu likihema. Feni tulipoitoa, nikafunga mpira wa hewa ukiwa na filta tu, gari lilifika likihema vilevile, ila mapema kidogo. Baba akasema turudie. Tukarudia. Mapema kidogo tena. Akageuza simu akaitazama mgongoni, kana kwamba jibu lingine limeandikwa huko.

Tukasimama pembeni. Nikaichukua feni, nikaunga nyaya kwenye betri, nikamwambia aweke kiganja kwenye mdomo wake. Akaweka. Hewa ikakoma palepale. Mapanga yanazunguka, yanalia, hayaisukumi hata ngozi ya mkono.

"Hii inapuliza pale tu pasipo na ubishi," nikasema. "Injini ikiwa imetulia, utaona kama inasaidia. Lakini ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa nyingi kuliko feni inayoweza kuleta. Hapo mapanga haya yamekuwa watu waliosimama mlangoni. Yanazuia."

"Lakini Jumapili ile lilipanda. Hukuwepo. Lilipanda!"

Nikamtolea filta ya zamani kutoka kwenye mfuko wa nailoni niliokuja nao. Akaigeuza. Akabandua kipande cha gazeti cha panya, akakisoma kidogo.

"Kwa hiyo ni hii."

"Ni hiyo, Baba."

Hapo ningenyamaza. Alikuwa ameshapokea. Lakini nilikuwa na jiwe langu kifuani tangu Jumatano, nikalitupa.

"Na najua unapanda huku kufuata nini. Sweta halijawahi kuwa bovu kiasi hicho. Sikukatazi. Lakini kwa gari la Mama?"

Akaichukua feni mikononi mwangu, akaichomeka tena mahali pake kwa mikono yake, akafunga boneti. Tukarudi, kidude kinalia wiiii njia nzima.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Nimeitwa Fundi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Fundi.

Jumapili, 7 Aprili

Hakwenda mlimani. Alishinda dirishani amevaa sweta lenye shingo ya kumbana. Nikampelekea chai. Akasema, "Asante, Fundi." Chai yenyewe niliitia sukari kama anavyopenda. Hakuimaliza.

Nilidhani nitafurahi asipokwenda.

Alhamisi, 11 Aprili

Nyumba imenyamaza. Nimegundua kwamba mluzi ule ulikuwa unaniamsha kila asubuhi. Siku hizi nachelewa kazini.

Jumapili, 14 Aprili

Mkono wangu umechoka lakini siku hii lazima niiandike yote.

Mvua ilishuka tangu alfajiri kama inamwagwa kwa ndoo. Baada ya chakula cha mchana Baba akasimama, akachukua funguo, akasema, "Natoka." Nikasema njia ya mlima ni matope. Akasema anaijua. Nikamsikia anawasha, nikasikia mbu wake. Akaondoka.

Simu ikaita nikiwa nachambua mchele. Namba siijui.

"Wewe ndiye Fundi?" Sauti ya mwanamke, nzito, haina pupa. "Baba yako mzima. Nasema hilo kwanza. Gari limefuka moshi, liko katikati ya mlima. Njoo na kamba."

Sikumbuki nilivyofika. Pikapu ilikuwa inateleza kushoto na kulia, na mimi naongea peke yangu kwa sauti, naiapiza mvua.

Niliwakuta pale barabara inapopinda. Gari la Mama limeegemea ukingo, jiwe nyuma ya gurudumu, boneti wazi. Na mbele yake amesimama mwanamke mnene, wa umri wa Baba au karibu, kanga imemganda mwilini kwa maji. Ana mwavuli mkubwa. Mwavuli hajajifunika yeye. Ameufunika mdomo wa injini.

Baba alikuwa amekaa ukingoni, mkono wa kulia kauinua juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu. Kiganjani malengelenge.

"Nimeushika waya," akasema. Hakuniita chochote, si Fundi wala mama.

Waya ule ule. Ulisuguana na chuma mpaka gamba likatoka, ukagusa bodi, na kwa kuwa hakuna fyuzi umeme wote wa betri ukapita humo. Ukayeyuka. Baba alipoona moshi alifungua boneti akauvuta kwa mkono mtupu.

"Alikuwa anavuta huku anapiga kelele," mwanamke akasema. "Nikamwambia toka. Nikaukata na mkasi wangu wa nyuzi." Akautoa mfukoni. Ncha moja imeungua, ina pengo. "Umeniaga, masikini. Mkasi mzuri sana huu."

"Ulikuwa wapi mpaka ukaona?"

"Nilikuwa nashuka kumpokea. Kwa mvua hii, nilijua gari halitafika. Halijawahi kufika vizuri hata siku ya jua."

Baba akatazama chini. Mimi nilicheka. Kicheko kilinitoka tu, na yeye mwanamke akacheka, na mvua inatupiga wote watatu.

Tulilifunga kamba, pua yake nikainyanyua kwa winchi ya pikapu. Kushuka na matope yale ilikuwa hatari, kwa hiyo tulilivuta kwenda juu, kwake. Ndani ya pikapu tulibanana kiti cha mbele, Mama Masweta katikati, amemshikia Baba mkono uliojeruhiwa usigonge dashibodi. Niliuona mkono huo ulivyoshikwa. Nikarudisha macho barabarani.

Nyumba yake ni chumba kikubwa na vidogo viwili. Cherehani ya kufuma imekaa mbele ya dirisha, ndefu kama kinanda, na ukutani mabonge ya uzi ya kila rangi. Alimwosha Baba mkono kwa maji safi muda mrefu, akaufunga kitambaa bila kukaza. Mimi akanipa taulo na gauni lake, ambalo tungeingia wawili.

Juu ya meza kulikuwa na sweta la kahawia la pili, limefumuliwa nusu.

"Hili nalo lina kasoro gani?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Mwanangu," akasema Mama Masweta, "nimefuma tangu msichana. Nikimtazama mtu akipita barabarani najua mkono wake unataka mishono mingapi. Mikono ile haikuwa mifupi kwa bahati mbaya. Niliifupisha."

Baba akageuka kwa ghafla. "Uliifupisha?"

"Na shingo niliibana."

"Mimi nilidhani..." Baba akaliinua lile sweta la mezani. "Nilikuwa naikunjia ndani mikono nyumbani iwe mifupi zaidi, nikuambie haijakaa sawa!"

Sikujua nitazame wapi. Wazee wawili, kila mmoja anaharibu sweta lilelile kwa upande wake, hakuna anayemwambia mwenzake. Mama Masweta alicheka mpaka akakaa kwenye kapu la uzi.

Baadaye alikwenda kuchemsha chai, tukabaki mimi na Baba. Mvua ikawa imelegea. Akasema akitazama kitambaa mkononi:

"Uliniuliza kwa nini gari la mama yako."

"Basi, Baba. Yaache."

"Ngoja nikujibu, uliuliza vizuri. Ningeweza kuja na basi. Ningeweza kuja na pikapu yako. Lakini ningekuwa najificha. Nimekaa na mama yako maisha yote sijawahi kwenda mahali nikamficha. Nikasema nikija, nije na gari lake. Kama ni vibaya, litaniharibikia njiani, nijue."

"Limekuharibikia."

"Limekuharibikia wewe na waya wako usio na fyuzi!" Sauti ya Mama Masweta kutoka jikoni. "Msimsingizie marehemu!"

Baba akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi pia. Nilisogea, nikamwekea kichwa begani, upande usio na kidonda. Sikumbuki mara ya mwisho kufanya hivyo.

"Mbona hukuniambia tu?"

"Ungeniuliza nampendea nini. Nami ningekujibu nini, katika umri huu? Kwamba anaongea na cherehani? Kwamba nikifika ananipa kiti na kazi ya kukunja uzi, na jioni inapita sijaisikia? Ilikuwa rahisi kukuambia nataka nguvu za injini."

Tulishuka na pikapu kabla giza halijaingia. Gari la Mama tumeliacha kwake, limefunikwa turubai.

Jumatatu, 15 Aprili

"Umeamka, mama?" Ndiyo neno la kwanza nililosikia leo.

Jumamosi, 20 Aprili

Njia imekauka kiasi, nimelivuta gari mpaka gereji. Nimepima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Zimechoka zote, moja iko taabani. Ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo nguvu inayozaliwa juu inatorokea chini. Ungelipuliza kwa upepo wa tufani lisingepanda.

Nimemweleza Baba hivyo hivyo. Akauliza, "Kwa hiyo dawa?"

"Dawa ni kuishusha injini. Kuifungua yote."

Akatoa kile kitambaa cha njano mfukoni, akafuta kishikio cha boneti, akaifungua mwenyewe.

"Shusha."

Jumapili, 21 Aprili

Injini iko chini. Baba ananipa spana kwa mkono wa kushoto. Ananipa isiyo sahihi kwa kujiamini sana.

Jumamosi, 27 Aprili

Fundi Umeme ameiomba ile feni. Baba akasita, akampa. Ameisimamisha kando ya meza yake ya kulehemu, na fyuzi juu, inavuta moshi wote unaomchoma macho. Inafanya kazi vizuri mno. Baba alikwenda kuitazama mara tatu, ametia mikono mfukoni.

"Nilijua ina uwezo," akasema.

Hatukumbishia.

Jumapili, 28 Aprili

Mama Masweta ameshuka na basi kutuletea chakula. Alikaa kwenye tairi akafuma kwa mkono huku sisi tunafanya kazi. Hakunisemesha sana. Aliniuliza tu, "Mama yako alikuwa anapenda kuendesha?" Nikajikuta namweleza jinsi Mama alivyokuwa akipiga honi kabla ya kila kona, hata uwanjani. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Akasema, "Ningempenda," akaendelea kufuma.

Nimelifikiria neno hilo siku nzima.

Jumanne, 7 Mei

Ringi mpya, gasketi mpya, valvu nimezisugua mpaka zinang'aa. Mvua imepungua, inakuja jioni tu kutusalimu.

Ijumaa, 17 Mei

Limewaka. Mara ya kwanza, bila kusukumwa. Halina kelele, linanguruma kidogo tu kooni. Baba aliweka sikio kwenye boneti, macho kafumba. Fundi Umeme akazima feni yake ili na yeye asikie.

Jumapili, 19 Mei

Tumepanda mlima. Baba anaendesha, mimi pembeni. Halikuruka, halina duma, ni kigari kidogo na kitabaki hivyo. Lakini gia ya tatu tulifika nayo mpaka kwenye ile kona kali, pale ambapo zamani alikuwa anatafuta ya kwanza.

Katikati ya mlima akaniuliza, macho mbele: "Nikihamia kule juu, utakaa peke yako?"

"Nitakaa."

"Hutaogopa?"

"Baba, mimi nalala chini ya malori."

Kwenye kona ya pili akaendelea: "Yeye hawezi kushuka. Cherehani ile ikisogezwa inapoteza mizani, na wateja wake wako kule. Nami nini kinanizuia bondeni, isipokuwa wewe?"

"Basi nisiwe mimi," nikasema. Nikatazama dirishani upande wangu, kwa sababu kulikuwa na mashamba ya kutazama.

Tulisimama mlangoni. Kimya. Baba akapiga hodi. Ndani kikasikika kishindo, kitu kimeanguka, kisha Mama Masweta akatokea nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama ufagio, kitana kimechomekwa humo.

"Nyinyi mmetokea wapi?"

"Tumepanda," Baba akasema, kifua mbele.

"Mmepanda! Kila Jumapili nalisikia hilo gari tangu likiwa chini kwenye daraja. Nasuka nywele, nabadili gauni, nafagia, natia maji ya chai, na bado linakuja. Sasa mnaniingilia hivi hivi! Nani kawaambia mlitengeneze?"

Miezi yote ile ya aibu, Baba akidhani anamchelewesha.

"Huyu," akasema, akaninyooshea kidole.

"Ingieni basi, msinitazame." Lakini Baba alimtazama. Akaingia, akavuta kigoda nyuma yake, na kwa mkono wenye kovu jipya akamshikia kitana ili amalizie upande uliobaki. Mimi nikasema nakwenda kuangalia maji ya radieta. Radieta haikuwa na tatizo lolote.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Leo nimempeleka Baba na sanduku lake, redio yake na viatu vyake. Tulikula wote watatu. Wakati wa kuondoka akaniwekea funguo mkononi, akakifunga kiganja changu kwa viganja vyake viwili.

"Lipeleke nyumbani, mama. Mimi nimeshafika."

Nilishuka peke yangu, jua la alasiri usoni, madirisha wazi. Sijawahi kuendesha gari lile nikiwa peke yangu kwa safari ya maana tangu mwenyewe alipoondoka. Kwenye ile kona kali nikapiga honi, hakukuwa na mtu. Nikaanza kumweleza Mama: sweta, mkasi, mwavuli, nywele zilizosimama. Kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Nilipofika mlangoni petu nilikuwa bado sijamaliza. Nikapita nyumba, nikazunguka na njia ya soko, nikiendelea kumsimulia.